Lushoto kwa Kupitia Runzewe

Mmeniuliza sana, na kila anayeuliza anacheka, kwa hiyo nitajibu mara moja tu na nyote msome. Ndiyo, niliwaaga kwamba nakwenda Lushoto. Ndiyo, picha niliyotuma kwenye kikundi chetu cha mafundi cherehani ilipigwa Runzewe, wilayani Bukombe, nimekumbatia jogoo mweupe na uso umenivimba kwa hasira. Aliyeandika chini yake kwamba Lushoto imehamia Bukombe namjua, na cherehani yake ikikwama tena asije kwangu.

Kwa asiyejua ramani, ukiwa hapa Shinyanga, Lushoto iko mashariki, mbali, milimani, upande wa Tanga. Runzewe iko magharibi, njia ya kwenda Rwanda. Ni sawa na mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni halafu anaanzia kwa jirani. Mimi nilizunguka hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na mama yangu pembeni akiniambia nipunguze kulalamika.

Ngokolo: koti moja

Mama yangu anaitwa Doto, kwa hiyo mnajua tayari kwamba ni pacha. Pacha wake, mama mkubwa Kulwa, aliolewa zamani na bwana miti mmoja Msambaa aliyekuwa akifanya kazi huku kwetu. Yule bwana alipostaafu akamchukua mkewe wakaenda kwao Lushoto. Mume alishafariki, na mama mkubwa anaishi na binti yake, Zaina. Tangu ahamie huko, yeye na mama wameonana misibani tu, na maongezi yao yote ni ya simu.

Mvua zilipoanza, Zaina akapiga simu. Alisema mama yake haamki tena kitandani, chakula anakionja tu, hospitali wamemrudisha nyumbani, na kila kukicha anamuulizia Doto. Nilifunga kibanda changu siku hiyohiyo.

Mpango wangu ulikuwa mfupi. Tupande basi la Arusha alfajiri, tulale huko, kesho yake tushuke Mombo tupande mlima. Mzigo uwe begi moja. Kwa kuwa Lushoto kuna baridi na mama hajawahi kulala kwenye baridi maishani mwake, nilikwenda kwenye mitumba nikamtafutia koti. Nilipata koti ambalo fundi yeyote angelishika mara mbili, zito, la kijivu, vifungo vikubwa, bitana nzima. Mama alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. Halafu akaniuliza, “La Kulwa liko wapi?”

Nikamweleza kwamba Kulwa anaishi hukohuko kwenye baridi, makoti anayo. Akalivua taratibu, akalitundika nyuma ya mlango wangu, na hilo ndilo likawa jibu lake. Nyie wengi ni Wasukuma wenzangu, mnajua, lakini kwa wageni nieleze: kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, na kiwe kilekile, la sivyo mmoja wao ataugua. Mama na Kulwa walikatiwa magauni kutoka kitambaa kimoja. Mmoja akivunja chungu walichapwa wote wawili. Na sasa Kulwa anaumwa, halafu mimi ninamletea Doto koti moja. Niliangaliwa kama niliyeleta msiba ndani ya mfuko.

Nikasema haya, koti libaki. Ndipo lilipokuja jambo la pili. Mama alisema hawezi kwenda mbali vile kumwona mgonjwa bila kupita Segese kwa kaka yangu Luhende, na Runzewe kwa mjomba Shija, mdogo wao aliyewafuata wao mapacha. Nikamwambia simu zipo. Akasema, “Kulwa ataniuliza Shija anaonekanaje. Nimjibu kwamba nilimsikia?”

Niliongea mpaka nikakauka koo. Nilichora hata ramani kwa chaki yangu ya kukatia vitambaa. Asubuhi yake tulikuwa kwenye basi la Kahama, tunaelekea magharibi, jua limetupiga mgongoni.

Segese: mzigo haujatoka

Kaka yangu Luhende anachimba dhahabu, au tuseme anaidai ardhi dhahabu na ardhi haina haraka naye. Alitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Mkewe alitukaangia sato wakubwa, akampakulia mama kichwa, majirani wakaja kusalimia. Luhende akatangaza mbele ya wote kwamba kesho hatutapanda basi, atatupeleka Runzewe mwenyewe kwa gari.

Kesho ikafika. Gari lipo, lakini mawe yake yako kwenye karasha yanasagwa, na mchimbaji haachi mawe yake yakisagwa akaondoka, maana akirudi atakuta vumbi na maneno matamu. Kwa hiyo tusubiri mzigo utoke. Tukasubiri. Mchana mzigo haujatoka. Jioni umeme umekatika, karasha limesimama, mzigo uko nusu. Siku iliyofuata mzigo umetoka lakini haujaoshwa. Kila nikimuuliza, kaka yangu anainua kiganja kunituliza, kama vile mimi ndiye ninayechelewesha.

Katikati ya hayo Zaina akapiga simu kuuliza tumefika wapi, maana mama yake amekataa uji akisema atakula Doto akija. Nikamwambia tuko njiani. Sikudanganya, tulikuwa njiani kabisa, ila njia yenyewe ilikuwa imeelekea upande usiofaa. Nikakata simu nikaenda nyuma ya nyumba kulia kwa hasira, na huko nikakuta mbuzi wananitazama.

Mzigo ulipooshwa ulitoa kitu kidogo ambacho Luhende hakutaka kukizungumzia. Na lile gari, kumbe, si lake. Ni la mwenzake, na mwenzake alikuwa amelichukua tangu asubuhi. Tukapanda basi kama nilivyosema tangu mwanzo. Ila kaka yangu hakumwacha mama aondoke mikono mitupu. Alileta chupa mbili za chai, kubwa, za maua mekundu, zinafanana hata mikwaruzo. Moja ya Doto, moja ya Kulwa. Begi langu moja likawa begi na kapu.

Runzewe: jogoo wa pili

Kutoka Segese ukirudi Kahama ndipo unashika barabara ya Ushirombo, na kutoka hapo mpaka Runzewe nilikaa nimenuna. Mjomba Shija anaishi nje ya mji, ana ng'ombe na mashamba ya mahindi, na sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. Mama aliposhuka kwenye bodaboda walianza kusalimiana kwa Kisukuma, na kila swali jibu ni mhola, yaani salama. Mwangaluka, mhola, ng'ombe je, mhola, mvua je, mhola, jino lile je. Mimi nimesimama na kapu kichwani, salamu zinafika kwenye mbwa.

Nilikuwa nimemweleza mjomba kwenye simu kwamba tunaingia asubuhi na kutoka mchana. Alinisikiliza, akakubali, halafu akachinja mbuzi. Sasa mbuzi akishachinjwa unaondokaje? Tukalala. Kulipokucha nikawa nimevaa viatu kabisa, ndipo mjomba akasema bado jambo moja dogo. Anampelekea Kulwa jogoo. Mweupe, safi, amemfuga mwenyewe. Nikasema asante mjomba, mfunge miguu twende. Akanitazama kwa huruma. “Na wa Doto?”

Nyumbani kwake alikuwa na majogoo wa kutosha, mwekundu, wa madoadoa, mweusi, lakini mweupe alikuwa mmoja. Na jogoo wa pili lazima awe mweupe, na awe na kimo kilekile. Nilimwambia mama jogoo wake atamwacha kwa Shija. Nilimwambia wa madoadoa naye ni kuku. Watu wazima, wana wajukuu, walitawanyika kijijini kutafuta jogoo mweupe. Waliletwa majogoo wa kila namna wakapimwa kwa wa kwanza, huyu mfupi, huyu ana unjano shingoni, huyu mzee. Nami nikapewa kazi ya kumshika wa mfano. Hapo ndipo mjukuu wa mjomba aliponipiga ile picha, na mimi mjinga nikaituma kwenye kikundi ili mnihurumie.

Wa pili alipatikana jua likiwa linazama, kwa mzee mmoja ng'ambo ya bonde. Mjomba akawaweka wote kwenye tenga moja, akaongeza michembe ya viazi vikavu mifuko miwili na samli chupa mbili. Mama alimshukuru, wabeja, wabeja, mara nyingi, na niliona kwamba amefurahi kweli, nikazidi kukasirika maana sikuwa na mahali pa kuiweka hasira yangu. Zaina alikuwa amepiga tena. Safari hii sikupokea.

Njia ya Arusha

Hatimaye tukageuka. Tulipita hapa Shinyanga bila hata kushuka kunywa maji nyumbani, na nilipoiona dirishani barabara ya kwenda kwetu Ngokolo nilihesabu kwamba siku zote hizo tulikuwa tumefanikiwa kurudi tulipoanzia.

Kondakta wa basi la Arusha alitaka kututoza tenga kama abiria, halafu akakataa kuku wasikae ndani kwa sababu ya harufu. Ndani ya basi hilohilo kulikuwa na mtu anakula mayai ya kuchemsha na mwingine amevua viatu. Tulibishana mpaka dereva akapiga honi, tenga likaenda kwenye buti. Mama aliomba liwekwe karibu na mlango lipate hewa. Kondakta akasema ndiyo mama, ndiyo mama, akalisukumia ndani kabisa, chini ya magunia ya dengu ya mtu mwingine.

Singida tuliteremka kula. Tuliletewa wali wa moto usioweza kulika, na uliposhuka joto basi likaita. Nyama ya kuku wao ilikuwa ngumu kiasi kwamba mama aliuliza kwa upole kama amewahi kupanda basi huyo kuku. Ndiyo mara pekee niliyocheka safari nzima. Njia nzima hakusinzia. Alikuwa amepakata chupa zote mbili za chai mapajani, na kila tulipopita mji aliniuliza kama Lushoto imekaribia.

Arusha tulilala kwenye nyumba ya wageni, tenga tukaliweka chumbani, majogoo wakawika kabla hata waadhini hawajaamka, na mwenye nyumba akatufukuza kwa heshima. Nilimshukuru, maana tuliwahi basi.

Mombo: mmoja amekufa

Basi la pili nalo lilikuwa na kondakta, na makondakta sijui hufundishwa wapi. Tenga likaenda buti, karibu na injini. Tuliposhuka Mombo, chini ya mlima, jua la mchana likichoma, nikalivuta tenga nikaona mmoja amelala na shingo imelegea. Nikamgusa. Alikuwa amekufa kwa joto.

Mama hakumgombeza kondakta. Nilimgombeza mimi, na watu wa pale stendi wana habari. Nilipomaliza nikageuka, nikamkuta mama amechuchumaa mbele ya tenga, mkono wake uko juu ya yule jogoo. Aliniuliza kwa sauti ya chini sana, “Huyu ni nani kati yetu?”

Nikamwambia ni jogoo, mama, ni jogoo tu. Nikampigia Zaina hapohapo. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mama alikaa juu ya mfuko wa michembe, akajifunga kanga vizuri, akasema kama ni hivyo yeye haoni sababu ya kupanda mlima akiwa na mmoja. Alisema bila kulia, na mimi naogopa mama yangu anapokuwa halii.

Basi nikamwacha na mizigo kwa mama mmoja muuza ndizi, nikaingia mitaani kutafuta jogoo mweupe. Mimi huyuhuyu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikichungulia nyua za watu. Nilimkataa mmoja kwa sababu alikuwa mfupi, na mwingine kwa sababu ya unjano shingoni, na nilipojisikia nikisema maneno hayo kwa mdomo wangu niliona aibu nikaendelea kutafuta.

Nilimpata nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayeuza mkaa. Alikataa kuuza, jogoo ndiye pekee wa uani pake. Nikamweleza. Mapacha, mmoja mgonjwa juu mlimani, mwingine amekaa stendi hataki kuinuka. Alinisikiliza huku akimtazama jogoo wake. Akasema hela atazila leo zitaisha, lakini hilo sweta nililovaa lingemfaa asubuhi akipanda mlimani Soni kuuza mkaa. Nikalivua nikampa. Lilikuwa sweta langu zuri, mnalijua, lile nililolifumia kola mwenyewe. Nikapanda milima ya Usambara na blauzi ya mikono mifupi.

Mama alimkagua jogoo pande zote, akamweka kwenye tenga. Hakusema asante. Alisema, “Twende, tumechelewa.” Jamani, tumechelewa.

Lushoto

Barabara ya kupanda inazunguka mpaka unauona mgongo wa gari ulilopanda. Ni nzuri, sikatai, miti, maporomoko, mashamba yamebandikwa ukutani. Sikuiona vizuri kwa sababu nilikuwa natetemeka na kupiga simu isiyopatikana. Mama alikuwa na kanga mbili tu mabegani, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikalikumbuka lile koti nyuma ya mlango wangu, nikauma meno.

Zaina alikuwa amesimama nje. Simu ilikuwa imeisha chaji, umeme hakuna tangu jana, ni hilo tu. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga makofi kwa pamoja. Alituingiza chumbani.

Mama mkubwa Kulwa amekuwa mdogo sana. Alikuwa amekaa, ameegemezwa mito, amevaa sweta la kijani. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, na nikangoja walie. Hawakulia. Mwadila. Mhola. Ng'ombe wa Shija je. Mhola. Luhende amepata? Bado. Shija anaonekanaje? Na mama akaanza kumweleza, nywele zimekuwa nyeupe upande wa kushoto zaidi, jino la mbele limeondoka, anacheka akiziba mdomo, anatembea akiuburuta kidogo mguu. Nilikuwa Runzewe siku zile mbili na hakuna hata kimoja nilichokiona. Mama mkubwa alikuwa amefumba macho, anamsikiliza, akitingisha kichwa kwa kila kitu kama anayekipokea mkononi.

Kisha nikaingiza tenga. Akafumbua macho, akawatazama majogoo kwa muda.

“Huyu si wa Shija,” akasema. “Huyu ana manyoya miguuni.”

Nikasema mmoja alikufa njiani, mama mkubwa. Akamuuliza mama ni nani aliyemtafuta wa pili. Mama alininyooshea midomo mimi niliyesimama mlangoni natetemeka. Mama mkubwa akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye mikono yangu iliyokuwa wazi.

“Wabeja, mwanangu,” akasema. Halafu akamwambia Zaina alete sanduku.

Zaina alilivuta kutoka chini ya kitanda huku akisonya, na ule msonyo niliutambua, ni wangu kabisa. Akafungua kifuniko. Kulikuwa na sweta la kijani, jipya, pacha wa lile alilovaa mama mkubwa. Chini yake soksi za sufu, shali, viatu vya mpira vya kuendea shamba, kanga na kanga na kanga, kila kimoja hakijaguswa. Zaina akaniambia kwamba tangu akiwa mtoto hawajawahi kununua kitu kimoja katika nyumba hii. Mama yake akipewa shali analia mpaka ipatikane nyingine, moja avae, moja aweke. “Dada, nimechoka kununua viwili viwili,” akasema, “na mwenyewe hata sijawahi kumwona akija kuvichukua.” Tukatazamana, mimi na yeye, mabinti wawili tuliochoshwa na jambo lilelile pande mbili za nchi.

Mama alivaa lile sweta. Lilimkaa kama alipimwa. Akafunika miguu yake kwa blanketi la dada yake, wakaegemea mto mmoja, na Zaina alipoleta uji kwenye chupa mpya ya maua mekundu, mama mkubwa alikunywa kikombe kizima kwa sababu Doto naye alikuwa anakunywa. Mimi nikabaki nimesimama na hasira zangu zote za tangu Segese, sina wa kumpa.

Mama amebaki huko. Nimerudi peke yangu, na mjomba Shija ameshapiga simu kunikumbusha kwamba habari za mgonjwa hazielezwi kwenye simu, niende Runzewe. Nitakwenda, na nitanuna njia nzima. Zaina anasema mama mkubwa anakula, lakini hospitali hawajaahidi kitu.

Koti la kijivu bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayepita kwenye mitumba akaona jingine, zito, vifungo vikubwa, bitana nzima, asinipigie kuuliza, alishike. Likiwa kubwa nitalipunguza, likiwa dogo nitaliachia mishono. Ila liwe la kijivu kilekile. Na tafadhalini, fanyeni haraka.